Maumivu Nisiyoweza Kumtajia Binti wa Meshuko

Nilianza kupona siku nilipomwambia mtaalamu wa viungo kwamba mgonjwa wake ni ng'ombe. Dume, nikasema, mwekundu, wa makamo, anakula vizuri, ila anaburuta mguu wa nyuma wa kulia. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda chake cha kazi, uso umezama katika tundu la kupumulia, macho yakitazama vigae vya sakafu. Yeye alisimama nyuma ya pazia akiuliza habari za huyo ng'ombe, nami nikimjibu. Kabla ya siku hiyo, tangu baridi ya Karatu ilipoanza mpaka mijakaranda ilipochanua, alikuwa akinitibu mahali pasipouma, kwa sababu panapouma nilikuwa nimemficha.

Naandika haya kwa ajili ya wanaume wanaokalia upande mmoja kwenye mabenchi ya hospitali na kusema "mgongo tu". Mambo ya mishipa na pingili nawaachia wenye elimu hiyo. Mimi nitaeleza niliyoyaona.

Kazi yangu ni afisa mifugo wa kata huko Malambo. Watu huniita Bwana Mifugo. Mwishoni mwa masika tulikuwa tukichanja ng'ombe, nikainama kuokota boksi la barafu lenye dawa. Nikasikia kama mtu amenipiga rungu juu ya kiuno, nikapiga magoti kwenye samadi. Wafugaji walipokuja mbio nikasema dume limenibana kwenye kibanio, ule ujia wa nguzo tunamowazuilia ng'ombe wasigeuke. Kibanio kilikuwa kitupu. Walikiona, na kwa heshima wakanipa pole ya dume. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, na ilikuwa ndogo.

Nikarudishwa nyumbani, nikalala. Hilo ndilo kosa ambalo hadi leo sielewi nililifanyaje, maana kila mwaka nawaambia wafugaji kwamba ng'ombe aliyeanguka asiachwe alale: ageuzwe, asuguliwe, ainuliwe asimame, la sivyo misuli inakufa na hatainuka tena. Mimi nikalala juu ya ngozi mpaka nyasi za masika zikageuka rangi. Nilipakwa mafuta ya kondoo, nikakanyagwa mgongoni kwa kisigino. Nilipata nafuu ya kunywa uji nikiwa nimekaa, kisha maumivu yakarudi, na safari hii yakashuka mguuni.

Mke wangu, Nashipai, alinivalisha katambuga, viatu vyangu vya tairi, asubuhi na kunivua jioni. Alinishika kwapani kunitoa nje kwenda haja, na siku ambazo sikuweza kuinuka aliniletea dumu lililokatwa shingo. Alipotoka nalo nilijifanya nimesinzia.

"Baba Saruni," aliniambia siku moja, "nimelea watoto watano, wote walitembea kabla ya mwaka. Wewe utatembea lini?"

"Usinicheke."

"Sicheki, nauliza. Kisimani wananiuliza kama bado uko hai. Niwajibu nini?"

Akaendelea kukoroga uji, kisha akasema, "Kesho wanunuzi wa mbuzi wanaondoka kwenda Karatu. Nimeshaongea nao. Utalala nyuma."

"Pamoja na mbuzi?"

"Mbuzi hawajalalamika."

Nikasafiri hivyo. Nililazwa kwenye godoro katikati ya mbuzi, tukapita vumbi la Olbalbal, tukapanda mpaka ukingo wa kreta, ambako ukungu ulikuwa mzito na mbuzi wote walilowa na kunisogelea kwa ajili ya joto. Gari liliposimama kupoza injini, mchungaji mmoja alichungulia nyuma kuangalia mzigo. Akanitambua.

"Bwana Mifugo! Na wewe umeuzwa?"

Kila aliyekuwa pale alicheka, dereva pia. Nilicheka nao, na kicheko kile kiliniuma hadi unyayoni.

Karatu nilifikia kwa Shaban, mwenye duka la mablanketi na mashuka karibu na soko, ambaye nimemjua tangu alipokuwa akileta bidhaa minadani kwetu. Alinipa chumba cha nyuma ya duka. Kesho yake akanipeleka hospitali. Daktari alinipima, akaniandikia vidonge, akanielekeza chumba cha mwisho kwenye korido, chumba cha mazoezi na tiba ya mikono.

Nje ya chumba kile kuna benchi. Nimelikalia sana hata najua ubao upi umelegea. Siku ya kwanza nilikaa kati ya dereva wa watalii na mama mmoja wa Mang'ola aliyekuwa akinuka vitunguu.

"Nyie wote mgongo?" mama akauliza.

"Mimi barabara ya Serengeti ndiyo imenimaliza," dereva akasema.

"Mimi magunia. Na wewe baba?"

"Dume," nikasema.

"Pole jamani. Lilikupiga pembe?"

"Lilinibana."

Dereva akaniinamia. "Mzee, ukiingia mule jiandae. Yule dada hana utani. Anakukanda mpaka unamwita mama yako."

"Dada?"

"Binti wa Kimasai. Mfupi, lakini vidole vyake ni chuma."

Mlango ukafunguliwa, jina langu likaitwa. Aliyesimama mlangoni kwa koti jeupe aliniona, akainamisha kichwa. Mkono wangu uliinuka wenyewe, ukamgusa utosini.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia, kisha akainua uso, nami nikamtambua. Alikuwa Naserian, binti wa Meshuko.

Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze. Meshuko na mimi ni wa rika moja, Landis. Tulitahiriwa msimu mmoja, tulichunga pamoja, tulikula nyama porini pamoja. Binti wa mtu wa rika lako ni binti yako. Hukai naye peke yenu chumbani, huvui nguo mbele yake, humwambii habari za mwili wako kuanzia kiunoni kwenda chini. Anainamisha kichwa, unamgusa, basi. Mwanamume anayevunja heshima hiyo huitwa na rika lake, na hata akisamehewa, kwenye vikao hukaa pembeni. Nimewaona waliokaa pembeni. Na Naserian alikuwa na uzito zaidi kwangu, kwa sababu ni mimi niliyekwenda kwa Meshuko, zamani alipotaka kumwoza, nikamsihi amwache aendelee na shule.

"Karibu, baba," akasema. "Vua shati, ulale hapo."

Nikabaki nimesimama. "Hakuna mwanamume anayefanya kazi hii?"

"Hapa niko peke yangu. Najua, baba. Naweza kumwita nesi akae nasi. Naweza kuvuta pazia. Kutibu bila kugusa ndiko siwezi."

Nesi akaitwa. Nikavua shati, shuka nikalikaza kiunoni kwa ukanda mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Akaanza maswali.

"Maumivu yanashuka kwenye makalio, au mguuni?"

"Hapana."

"Sehemu unayokalia ina ganzi? Haja ndogo inatoka vizuri?"

"Hapana. Ndiyo. Hakuna shida."

Nilijibu kabla swali halijaisha. Ilikuwa bahati yangu kwamba hilo la pili lilikuwa kweli. Baadaye nilielezwa kwamba mtu mwenye ganzi ya mahali pale, au aliyeshindwa kukojoa, haketi kwenye benchi kusubiri zamu. Hukimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Kama ningekuwa nao ugonjwa huo, ningejibu vilevile. Anayesoma haya akumbuke hilo hata akisahau mengine yote.

Basi akatibu alichoambiwa. Aliweka kiganja juu ya pingili za kiuno, akabonyeza taratibu, akaachia, akabonyeza tena, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nilihesabu vigae ili nisifikirie ni mikono ya nani. Kila alipokaribia ukanda nilikaza mwili mzima, naye akarudi juu. Alinipa mazoezi ya kufanya nyumbani: kulala chali na kuleta goti kifuani, kuinua nyonga kutoka chini, kukaa kwa mikono na magoti na kukunja mgongo kama paka aliyeshtuka.

Niliyafanya nyuma ya duka la Shaban juu ya gunia. Siku ya pili au ya tatu, nikiwa kwa mikono na magoti, Shaban alifungua mlango akitafuta mzigo. Alinitazama kwa muda.

"Bwana Mifugo," akasema kwa upole, "kama umeamua kuja kwetu, karibu sana. Ila kibla ni upande huu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini jioni nilikuta gunia limeondolewa, pamekunjuliwa mkeka mnene, na mlangoni limening'inizwa shuka la dukani likiwa bado na mikunjo ya kiwandani, ili wateja wasinione. Hatukulizungumza.

Julai yote ilikuwa baridi na mawingu. Nilikwenda kwenye benchi, nikakandwa, nikarudi. Mama wa vitunguu alipona akaacha kuja. Dereva alirudi barabarani. Mimi nilizidi kupinda. Katika kioo cha duka niliona mabega yamehamia kushoto na kiuno kimebaki kulia, shuka likining'inia refu upande mmoja kama nguo ya mtu aliyevalishwa na watoto. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa limesinyaa. Nashipai alipopiga simu nilimwambia naendelea vizuri.

"Vizuri vipi? Unakaa?"

"Nakaa."

"Unakaa unakula, au unakaa unajisifu?"

Nilikuwa nakula nimesimama, sahani juu ya robota la mablanketi.

Kisha siku moja, mijakaranda imeanza kuchanua, nilikuwa nikikatiza sokoni, mwanamke anayeuza ndizi akaniita. "Baba! Kiatu chako kimegoma."

Nikageuka. Katambuga yangu ya kulia ilikuwa nyuma, kwenye tope. Nikatazama chini, nikaona mguu wangu mtupu umekanyaga maganda na maji machafu, na sikuwa nimesikia chochote. Watu walitazama. Kuinama kuichukua sikuweza. Yule mama aliacha ndizi zake, akaja, akapiga goti akanivisha, kama Nashipai.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mfugaji asiye na mgongo anaweza kukaa na kuelekeza wanawe. Afisa mifugo asiye na mguu hafuati mifugo, na asiyefuata mifugo Malambo atafanya nini?

Naserian aliniona nikiingia, akaniambia nisilale kwanza. "Tembea mpaka ukutani. Kwa visigino."

Kisigino cha kushoto kilisimama. Cha kulia hakikusimama, unyayo ulipiga sakafu kama samaki. Alitoka, akarudi na daktari. Daktari aliupima mguu, akagonga goti na kifundo, akasema tutazame kwa muda mfupi; ukizidi kulegea nitapelekwa hospitali kubwa, na huenda nikapasuliwa. Alipoondoka, Naserian alisimama amekunja mikono.

"Baba, hapa ninapokanda hapawezi kuua mguu. Kuna kitu sijaambiwa."

Nililala kifudifudi ili nisimjibu nikimtazama.

"Mfugaji akikuletea ng'ombe," akasema, "unamuuliza nini?"

"Ameanza lini. Anakula? Anakwepa mguu upi."

"Na mfugaji akikuficha?"

"Ng'ombe anakufa. Na lawama napewa mimi."

Nesi alikohoa. Nikasikia pete za pazia zikikwaruza bomba, na sauti ya Naserian ikatoka upande wa pili.

"Basi kuna ng'ombe wa Malambo. Mimi sijamwona. Nieleze."

Ilinichukua muda. Kisha nikaanza, kwa sauti ile ninayosomea taarifa wilayani.

"Ni dume. Mwekundu, wa makamo. Anakula. Anaburuta mguu wa nyuma wa kulia."

"Maumivu yanaanzia wapi?"

"Pembeni ya shina la mkia, kulia. Ndani, penye nyama nene. Yanapita nyuma ya paja, yanazunguka nje ya goti, yanashuka mpaka kwato ya nje."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajaletwa."

"Akikohoa?"

"Yanaruka kama umeme."

"Anakojoa?"

"Anakojoa."

"Ana ganzi chini ya mkia?"

Safari hii nilisikiliza swali lote. "Hana. Ganzi iko kwatoni."

"Kwa nini mwenye ng'ombe hakusema mapema?"

"Mwenye ng'ombe ana aibu."

Kisha pete zikakwaruza tena.

"Nitamgusa shinani mwa mkia," akasema, "juu ya shuka, kwa kiwiko. Ataumia. Mwambie asipige teke."

Niliumia mpaka machozi yakadondoka kwenye vigae kupitia lile tundu. Nesi aliyaona, akasukuma kitambaa kwa mguu kuyafuta, kana kwamba ni maji ya kudeki. Sijawahi kumshukuru.

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Alinilaza ubavu, akazungusha kiuno upande mmoja na bega upande mwingine. Alinyoosha mguu wangu kidogo kidogo, akiurudisha kabla haujapiga kelele. Alinifundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, kiuno kikibaki chini, kama mjusi anayeota jua kwenye jiwe. Aliniambia nifurahi maumivu yakitoka mguuni na kurudi juu, hata yakiwa makali mgongoni. Sikumwamini mpaka yalipoanza kuhama: yakaacha kifundo, yakaacha goti, yakakaa kwenye paja kwa muda mrefu kama mgeni asiyetaka kuaga. Kila nilipoingia aliinamisha kichwa, nikamgusa utosini, tukaulizana hali ya ng'ombe. Hatukuwahi kuzungumza kwa namna nyingine.

Mvua za vuli zilinikuta nikirudi Malambo, nimekaa kiti cha mbele.

Mazoezi nayafanya asubuhi nyuma ya zizi la ndama, watu wakiwa wameshatoka na mifugo. Mwanzoni Nashipai alisimama akinitazama, ndoo mkononi.

"Ndicho ulichokwenda kujifunza Karatu? Kuwa mjusi?"

"Kinasaidia."

Aliondoka. Baada ya siku kadhaa nilimkuta amelala chini pembeni yangu, kifua juu, vidole vimezama kwenye vumbi. Amebeba maji na kuni tangu kabla sijamwoa, na sikuwahi kumuuliza habari ya mgongo wake. Hata asubuhi ile sikumuuliza.

Mnadani nilikutana na Meshuko. Alikuwa ameegemea fimbo kando ya mbuzi wake.

"Supai," nikamsalimu.

"Ipa." Alinizunguka kwa macho. "Umenyooka. Walisema umeuzwa na mbuzi."

"Walinirudisha. Sikupata mnunuzi."

Alicheka. "Mganga gani kakutengeneza?"

"Hospitali. Karatu."

"Karatu nina binti hospitali."

"Najua."

Akaacha kucheka. "Hivi anafanya kazi gani hasa? Huniambia viungo. Mimi nilidhani anatengeneza mikongojo."

"Anatibu kwa mikono."

"Anaiweka wapi?"

Kwetu swali kama hilo halina njia ya kulipita. "Juu ya mgonjwa," nikasema. "Nesi alikuwepo. Kulikuwa na pazia."

Alitazama mbuzi wake kwa muda mrefu. Nilitamani kumweleza habari ya ng'ombe, jinsi binti yake alivyotafuta mlango ambao sote wawili tungeweza kupita tumeinua vichwa.

"Wewe ndiye uliyekuja bomani kwangu ukasema asome," akasema. "Hukuniambia atasoma viuno vya Landis."

"Sikujua."

"Alikuheshimu?"

"Kuliko nilivyostahili."

"Rika litazungumza," akasema, akaswaga mbuzi wake akaondoka. Nilimtazama mpaka mwisho wa mnada. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kiuno, juu kidogo ya ukanda, na kila hatua kadhaa alisimama kujifanya anahesabu mbuzi.

Rika bado halijakaa. Kidole kidogo cha mguu wangu wa kulia bado hakina hisia, na Naserian ameniambia nirudi mvua zikipungua. Sijamwambia aliyosema baba yake, naye hajauliza. Meshuko haonekani tena mnadani.

Juzi asubuhi mke wake alikuja kwetu. Alimwomba Nashipai mafuta ya kondoo, ya mtu aliyelala, akasema, bila kumtaja. Akauliza kama Bwana Mifugo yupo, maana yeye anajua mambo ya mgongo. Nashipai alimpa mafuta, kisha akakaa kimya kunipa nafasi. Nilikuwa nyuma ya zizi la ndama, nimelala kifudifudi, kifua juu, nikisikia kila neno, na sikutoka.